Siku Mama Redio Aliponyamaza

Mtaa mzima ulimwita Mama Redio, na yeye hakuwa na kinyongo na jina hilo. Akifungua macho asubuhi, amefungua na mdomo. Aliwasalimia wapita njia kutoka dirishani, akawauliza habari za watoto, za miguu, za paa linalovuja, na asiyeitikia alimfuata hadi barabarani. Mkwewe alimpenda hivyohivyo alivyo, ila mtu anayesomea shahada ya uzamili kwa mtandao ndani ya nyumba kama ile anastahili kuonewa huruma.

Mkwe huyo, mke wa mwanawe dereva wa lori, nyumbani walimwita Profesa kwa utani. Mchana alizunguka na pikipiki kukagua visima vya mradi wa maji. Jioni alijifungia na vitabu vyake kwenye kompyuta, akisoma maendeleo ya kimataifa katika chuo cha ng'ambo. Somo alilolipenda kuliko yote ni ushirikishwaji: kwamba ukiwaletea watu mradi bila kuwauliza, watakuulia mradi wako, tena kwa nia njema kabisa. Aliliandikia insha, mwalimu akamsifu mbele ya darasa zima.

Basi sikia alichokifanya Profesa huyu siku ya mtihani wa mwisho.

Mitihani ya chuo chake husimamiwa kwa kamera. Kabla ya kuanza unazungusha kompyuta, msimamizi huko aliko anakagua chumba mpaka uvunguni mwa kitanda, kisha unafunga mlango. Akionekana mtu mwingine, au sauti yake ikisikika, mtihani umefutwa. Profesa aliyajua yote hayo. Akaandika kwenye karatasi, "Msiingie. Msinisumbue," akaibandika mlangoni, akajifungia. Hakumweleza mtu neno lingine.

Sasa, katika nyumba ile mlango wa chumba haukufungwa mchana ila kwa ugonjwa au kwa ugomvi. Mama Redio aliisoma ile karatasi, akairudia neno kwa neno. Alikuwa mzima huyu asubuhi, kwa hiyo ni ugomvi. Akapika chai ya maziwa, akausukuma kwa kiwiko mlango ule usio na komeo.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Ndipo akaiona sura ya mwanamume kwenye kioo cha kompyuta, na uso wake ukachangamka.

"Kumbe una mgeni! Hujambo, mwalimu? Watu wa nyumbani hawajambo?"

Yule msimamizi hakuitikia. Kioo kikawa cheusi, likatokea tangazo kwamba mtihani umefutwa.

Profesa alilia kwa hasira, na katika kulia huko alitoa maneno ambayo mtu hamwambii mama mkwe wake. Mama Redio akarudi jikoni na chai yake. Lakini kilichomchoma zaidi hata si maneno ya mkwewe.

"Nimemsalimia mtu," alimwambia binti yake, msusi aliyesukia wateja ukumbini. "Nimemsalimia vizuri, na hakuitikia. Mimi wa kunyimwa salamu?"

Chuo kilimpa Profesa nafasi ya pili, kikasema wazi kwamba ya tatu hakuna. Akishindwa hii, masomo yake yote yamekwenda na maji. Alianza kudurusu kwa hofu, na katika kudurusu akaifungua ile insha aliyosifiwa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaacha kusoma. Katika nyumba hii nani aliulizwa? Nani alielezwa? Alikuwa amewaletea watu mradi, akaubandika mlangoni, nao wakauua kwa kikombe cha chai. Aliona aibu kweli. Kisha akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, akafuta uso, akaenda jikoni.

"Mama," alisema, akaketi kwenye kigoda miguuni pake, "nilikukosea adabu. Naomba unisamehe. Na naomba tufanye kikao."

"Kikao cha nini tena?"

"Cha mtihani wangu. Mwenyekiti ni wewe."

Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumpa Mama Redio uenyekiti wa kitu chochote. Alivua aproni kabla ya kujibu.

Kikao kilikaa sebuleni: mwenyekiti, wifi msusi, na jirani wa ukutani, fundi wa kuchomelea mageti. Profesa akaeleza mwanzo mwisho, kamera, msimamizi na sauti.

"Na yule hakukudharau, mama. Yuko kazini. Wamemkataza kuongea."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

"Maskini," alisema Mama Redio, na hapohapo akamsamehe. "Kazi gani hiyo jamani!"

Wifi akasema wateja atawahamishia uani. Fundi akasema asubuhi hiyo atapaka rangi mageti yaliyokwisha, mashine itapumzika.

"Na mimi nitakaa mlangoni," alisema Mama Redio. "Sitatoa sauti."

Wifi akaangua kicheko. "Wewe, mama? Wewe?"

"Cheka tu. Utaniona."

Siku ikafika. Profesa akazungusha kompyuta, msimamizi akakagua, mlango ukafungwa. Nje kulikuwa na utulivu ambao nyumba ile haikuwahi kuujua, mpaka Profesa akapata wasiwasi kama wote wazima. Kisha likaja swali: eleza mradi uliokwama kwa sababu watu hawakushirikishwa, na namna ulivyokwamuliwa. Visima alivifahamu kimoja kimoja, lakini hakuandika habari za kisima. Aliandika habari za nyumba moja, mlango mmoja na kikombe cha chai, na vidole vilikuwa vinakimbizana.

Ya ukumbini alikuja kusimuliwa na wifi yake. Katikati ya mtihani alifika baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, mzee anayeheshimiwa na ukoo wote, ambaye hakuwa amekanyaga pale kwa muda mrefu. Alishavuta pumzi ili apige hodi, na hodi yake husikika mtaa wa pili. Mama Redio aliruka kutoka kitini akamziba mdomo kwa kiganja. Mzee mzima, amezibwa mdomo! Akatoa macho, akadhani kuna msiba. Mama Redio akamvuta taratibu, akamkalisha, akaweka kidole midomoni. Na kila aliyekuja baada yake alikalishwa vivyo hivyo.

Profesa alipofungua mlango, aliwakuta wamejaa ukumbini, wateja waliotoka uani na nywele nusu zimesukwa, fundi mwenye rangi mikononi, na baba mkubwa amekumbatia kofia yake. Wote kimya, wanamtazama.

"Nimemaliza, mama."

Mama Redio akaelekeza kidole kwenye kompyuta.

"Nimezima. Sema sasa."

"Karibu, shemeji!" alilipuka Mama Redio, akimgeukia baba mkubwa. "Habari za siku nyingi? Miguu je? Na watoto? Nisamehe ule mkono, tulikuwa mtihanini!"

Nyumba nzima ikacheka, na baba mkubwa ndiye aliyecheka kuliko wote.

Majibu yalipotoka, Profesa alikuwa ameongoza darasa lake. Mahafali nayo yalikuwa ya mtandaoni, na safari hii chuo chenyewe kiliomba kila mhitimu aonekane na jamaa zake. Milango yote ikafunguliwa. Dereva wa lori alirudi kutoka safarini, akasimama nyuma ya mkewe amevimba kwa fahari. Mkuu wa chuo, mama wa makamo mwenye miwani, alimwita Profesa kwa jina lake lote, akampongeza, akamuuliza kama ana neno.

"Neno langu analo mama mkwe wangu," alisema Profesa, na kumsogezea kompyuta.

Mama Redio alikohoa.  Akajiweka sawa mbele ya kamera.

"Hujambo, mwalimu? Watu wa nyumbani hawajambo?"

Profesa akatafsiri. Yule mkuu wa chuo akavua miwani, akatabasamu, akajibu kwa kirefu.

"Anasema hawajambo, mama, na anashukuru kwa kumuuliza. Naye anauliza, watu wako nao hawajambo?"

Mama Redio akawageukia watu waliojaa sebuleni. "Mmesikia? Kaitikia!"

Kisha akavuta kiti karibu na kioo, akaanza kumweleza hali ya kila mtu wa nyumbani, mmoja baada ya mwingine, na wahitimu wengine wakasubiri.