Sahihi ya Kafili

Winfred aliingia kituo cha polisi huko ugenini, jicho limevimba, mkono umefungwa plasta, ripoti ya daktari kwapani. Askari aliisoma yote, kisha akamuuliza kupitia mkalimani kafili wake ni nani, yule aliyemdhamini viza.

"Mume wangu, Trevor. Ndiye aliyenivunja mkono."

"Basi aje asaini, ndipo tufungue faili."

Trevor alikuja amenyoa, ananukia udi, akapewa kiti. Aliyevunjwa akaachwa wima. Bila haya akasema mkewe aliteleza bafuni, hasaini kitu. Askari akaifungia ripoti kwenye droo.

Winfred akamgeukia mkalimani, Mkenya mwenzake.

"Muulize askari, siku huyu akiniua, ruhusa ya kunizika wataiomba kwake pia?"

Mkalimani aliinamisha kichwa. Swali hilo hakulitafsiri.