Ungo wa Majivu

Mwaija alisoma mpaka darasa la tatu, akatolewa shule ili alee wadogo zake, lakini herufi hakuzisahau. Jina lake aliandika, barua alisoma, na mfuko wa mbegu dukani alijua una nini kabla muuzaji hajafungua mdomo. Kwa hiyo binti yake Faudhia aliposema kwamba Shamimu anakaa bure tu kijijini, miaka minne na nusu na hata A haijui, Mwaija aliumia.

"Anakaa bure na nani?" aliuliza. "Mimi hapa ni gogo?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema."

Walikuwa wamekaa barazani, nyumba ya nje kidogo ya mji wa Handeni, mwezi wa tisa, vumbi limetanda mpaka kwenye majani ya mihogo. Faudhia alikuwa anafanya kazi Korogwe, kwenye duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, Alifiya, na amepanga chumba hukohuko, mtaa wa Masuguru. Jirani na chumba hicho yuko mwanamke anayefundisha watoto wadogo uani kwake. Huko ndiko alikotaka kumpeleka Shamimu.

Mwaija alikuwa amemlea mtoto huyo tangu alipoachishwa ziwa. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu wa tatu. Hilo hakulisema. Alisema hivi:

"Nipe mpaka mwezi wa kumi na mbili. Ukija ukamkuta hajui herufi, funga nguo zake uondoke naye, sitafungua mdomo. Akijua, mwache kwangu mpaka aanze darasa la kwanza."

"Zote, mama?"

"Zote."

"Na aziandike mwenyewe. Siyo kuimba. Watoto wa huku wanaimba A, E, I, O, U kama kasuku, ukimwonyesha E anakuambia mbuzi."

"Ataandika," alisema Mwaija, na wakaachia hapo.

Ubao hakuwa nao, wala chaki. Kesho yake alizoa majivu jikoni, akayachekecha mpaka yakawa laini kama unga wa muhogo, akayamwaga kwenye ungo wa zamani uliokwisha kulegea ukingo. Akatandika mkeka. Wakakaa kama walivyozoea kukaa wakichambua maharage: ungo katikati, bibi upande huu, mjukuu upande ule, magoti yakikaribia kugusana. Ndivyo Mwaija alivyokalishwa na mama yake mzazi, na ndivyo alivyomkalisha Faudhia. Watu wawili wanaofanya kazi ya ungo hutazamana. Hakuwahi kuona wanaokaa namna nyingine.

"Hii ni A," alisema, akachora kwa kidole. "Ina miguu miwili, na imefunga mkanda kiunoni. Haya, tia kidole chako."

Shamimu akatia kidole, akafuata. Kisha Mwaija akautikisa ungo kidogo, majivu yakasawazika, A ikapotea.

"Imeenda wapi?" Shamimu aliuliza.

"Imerudi kidoleni kwako. Itoe."

Akaitoa. Akaitoa tena mara sita, na kila mara Mwaija aliiona imesimama vizuri, miguu miwili na mkanda wake.

Basi hiyo ikawa kazi ya kila siku baada ya chai, kabla jua halijawa kali. Hakumkalisha muda mrefu. Mtoto akianza kutazama kuku, Mwaija aliinua ungo akaenda zake jikoni. Herufi mpya hakumpa mpaka ya jana aitoe bila kusaidiwa. E waliipanga kwa punje za mahindi. O waliifinyanga kwa donge la unga wa chapati, wakaikaanga, wakaila. B ilitokana na ugali wa mchana, na Shamimu alizunguka uani akitangaza kwamba amekula B mbili na bado ana njaa.

Kwa zile zenye kona na mizunguko alisaidiwa na shemeji yake, Mdoe, mzee aliyekata mkonge Mazinde mpaka akastaafu. Mdoe alimletea kamba za katani. Mwaija alizilowesha, akazikunja S, U na M, akaziacha zikauke juani mpaka zikakakamaa. Shamimu alizipapasa akiwa amefumba macho, kisha akazichora kwenye majivu.

"Shemeji," Mdoe alisema siku moja, amesimama nyuma ya Mwaija na simu yake mkononi, "hii ni shule au unatafuta sindano iliyoungua?"

"Wewe ungefundishwa hivi usingetia dole gumba mpaka leo."

"Dole gumba langu lina heshima zake. Kaa vizuri nimpige picha mwanafunzi."

Akapiga, akamtumia Faudhia. Jioni sauti ya Faudhia ikarudi kwenye simu: "Hiyo M kaandika Shamimu mwenyewe? Hongera, mama. Hongera kwa kweli." Mdoe aliirudia mara tatu, na mara zote tatu Mwaija alijifanya anachochea moto.

Faudhia alikuja mwezi wa kumi na mbili, siku ya Ijumaa, kwa basi la asubuhi. Mkononi alikuwa na begi tupu, daftari jipya na penseli mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Begi tupu la nini?"

"La nguo, mama. Kama tulivyosema."

Mwaija aliingia jikoni kusonga ugali. Walipokwisha kula na vyombo kutolewa, Faudhia alimkalisha Shamimu ubavuni mwake barazani, akamfungulia daftari kwenye kigoda.

"Bibi anakaa wapi?" Shamimu aliuliza.

"Bibi anaosha vyombo. Andika A."

"Lakini Bibi anakaa wapi?"

"Shamimu, mama. Andika A."

Mtoto akaandika. Mwaija, akiwa uani na sufuria, alimsikia Faudhia anataja O, kisha S, kisha M, kisha T, kisha U, na sauti yake inazidi kushuka. Halafu akamsikia anasema, "Mama, hebu njoo uone."

Akaja mikono ikichuruzika maji. O ilikuwa sawa. S ilikuwa sawa. Lakini A ilikuwa miguu juu, kama mende aliyepinduka. M miguu yake ilikuwa imeelekea mbinguni. T imesimama kwa kichwa, na U imekuwa kama mlango.

"Hii ni nini?" Mwaija aliuliza, ameweka kidole juu ya A.

"A."

"Hii siyo A, Shamimu."

"Ni A, Bibi." Midomo ikaanza kumcheza. "Ni A yetu."

Faudhia hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema taratibu, "Umejitahidi, mama. Miguu yako inauma, shamba ni lako peke yako, na bado ukamfundisha. Nani angeweza?" Akanyanyuka na begi, akaingia chumbani. Mwaija akasikia zipu inafunguliwa, kisha droo ya kabati.

Alikwisha kusema hatafungua mdomo, na hakuufungua. Alikaa kwenye mkeka akiyatazama yale maandishi. Jambo moja halikumwingia. Kwa miezi mitatu A hiyohiyo ameiona kwa macho yake, kila siku, imesimama. Mdoe ameiona. Hata Faudhia aliiona M kwenye picha. Sasa mtoto kaipindua leo kwa sababu gani? Kumwogopa mama yake? Mtoto huyu anaogopa kitu gani?

Aliinuka, akaleta ungo. Alipouweka tu katikati ya mkeka, Shamimu akajifuta machozi, akaenda kukaa upande wake bila kuambiwa. Mwaija akakaa upande wa pili.

"A," alisema.

Kidole kikaenda. A ikatoka, miguu miwili, mkanda kiunoni.

"Faudhia! Acha hizo nguo uje."

Faudhia akaja na gauni la mtoto begani, akasimama nyuma ya mama yake.

"M," alisema Mwaija. Ikatoka safi. "T." Ikatoka safi.

"Sasa mbona hapa anaweza?" Faudhia aliuliza. Alizunguka upande wa mtoto amfute majivu puani, akainama, na kabla hajamgusa akabaki ameinama vilevile.

"Mama, nyanyuka. Njoo usimame huku."

Mwaija alijishika goti, akazunguka. Kutoka upande ule T ilikuwa imesimama kwa kichwa.

Kuku alipita, akafukuzwa.

"Shamimu," Faudhia aliuliza, "ile A, mbona umeiweka miguu juu?"

"Haiko juu," alijibu Shamimu, akaonyesha upande wa pili wa ungo, mahali ambapo Mwaija alikuwa amekaa. "Miguu yake iko kwa Bibi."

Hapo Mwaija akaelewa. Kila herufi aliichora ikimtazama yeye, na mtoto aliyekaa ng'ambo ya ungo akaiona imepinduka. Naye akaiandika vilevile alivyoiona, na ikifika kwa bibi imesimama wima, bibi anasifu. Picha ya Mdoe nayo ilipigwa kutoka mgongoni kwa bibi. Miezi mitatu wamedanganyana hivyo, mchana kweupe, na hakuna aliyesema uongo.

Faudhia alianza yeye. Alijiziba mdomo kwa lile gauni, mabega yakamtikisika, na Mwaija alipomtazama naye kicheko kikamtoka. Shamimu akacheka kwa kuwaona wanacheka.

Lakini walipotulia Mwaija alisema, "Kosa ni langu, siyo lake. Na tulisema aandike kwenye karatasi. Kwenye karatasi hakuandika. Kamalizie begi lako."

"Unanifukuzia mtoto?"

"Nashika neno langu."

Faudhia alilitazama daftari muda mrefu, akaligeuza chini juu, akalitazama tena. Kila herufi ilikuwa mahali pake.

"Naondoka Jumapili," alisema. "Begi likae hapo mlangoni. Tuone."

Jumamosi waliuvuta mkeka mpaka ukutani. Mwaija alikaa, akamketisha Shamimu ubavuni. Mtoto akanyanyuka.

"Huku siyo kwangu."

"Leo ni kwako."

"Kwangu ni kule."

Akaenda kule, akarudishwa, akaenda tena. Mara ya tatu Mwaija hakumrudisha. Alichukua ile M ya katani, akaiweka chini, akamwambia, "Igeuze miguu ije kwako." Shamimu akaigeuza. "Sasa ije kwangu." Akaigeuza. Waliigeuza mara ngapi, Mwaija hakuhesabu. Wakaenda kwenye B ya ugali, kwenye E ya punje za mahindi, kwenye T ya vijiti vya fagio. Ilipofika adhuhuri Shamimu mwenyewe alihama, akaja kukaa ubavuni mwa bibi yake, kwa sababu alikuwa amechoka kunyoosha mkono.

Jumapili asubuhi Faudhia alifungua ukurasa mpya. Mwaija alienda kuteka maji ili asione, na alitembea polepole kuliko ndoo ilivyomlazimu. Aliporudi, daftari lilikuwa juu ya kigoda na Faudhia anafunga kilemba.

"Amekosea tatu," alisema Faudhia. "M, W na Y. Zilizobaki zote zimesimama."

"Tatu ni tatu."

"Mama, huyu mtoto alikuwa anazijua zote kichwa chini. Mimi mwenyewe nilijaribu jana usiku nikashindwa." Akaingia chumbani. Alitoka na begi, limesinyaa vilevile kama lilivyokuja. "Nguo zake nimezirudisha kabatini. Begi naondoka nalo, ni langu. Hizo tatu nitakuja kuziangalia mwezi wa pili."

Akambusu mtoto, akachana ule ukurasa kwenye daftari, akaukunja akautia kwenye mkoba, akapanda bodaboda kwenda stendi.

Jumatatu baada ya chai Mwaija alitandika mkeka ukutani, akaweka ungo mbele yao wote wawili. Goti lilimsumbua, ukuta ulimbana mgongo, na zaidi ya yote hakuweza kuuona uso wa mtoto kama zamani. Aliona njia iliyochanwa katikati ya nywele zake, na kidole kimesimama juu ya majivu, kinasubiri.

"Bibi, miguu ya M inaenda kwa nani?"

"Kwako."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshahamia kwako," alisema Mwaija. "Andika."