Kiapo cha Katekista

Kijiji kizima cha Kumsenga hakuna aliyebisha kwamba Mwalimu Pasikali aliijua katekisimu kuliko mtu yeyote. Miaka ishirini na sita ya ukatekista, si mchezo! Umkute njiani ukiwa na mzigo wa kuni kichwani, ukosee tu kumuuliza jambo la imani, atakusimamisha hapo hapo akujibu mpaka mwisho, shingo yako itajijua yenyewe. Watu walimpenda na walimwogopa kidogo. Naye alivipenda vyote viwili, tusidanganyane.

Ndiyo maana Jeanne, alipoambiwa na mahakama ya Kibondo alete shahidi wa kuaminika, hakufikiria mara mbili. Alimtaja Mwalimu.

Jeanne alikuwa ameishi na William miaka kumi na tisa. Walijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, wakapanda migomba na mibuni, wakauguzana. Mtoto hawakujaliwa. Ndoa ya kanisani nayo hawakufunga, na hapo Pasikali alikuwa na mkono wake. Mara tatu walikwenda kwake kuandikishwa, na mara tatu akadai cheti cha ubatizo cha Jeanne. Jeanne alibatizwa akiwa mchanga ng'ambo, Burundi, wazazi wake walikokwenda kutafuta maisha, na parokia ile ilichomwa moto wakati wa vita, vitabu na kila kitu.

"Shangazi yangu ndiye aliyenibeba siku hiyo, Mwalimu," Jeanne alisema. "Yupo Kasulu. Aitwe aulizwe."

"Mimi nataka cheti, dada. Kanuni ni kanuni."

Mara ya nne hawakuja. Waliendelea kuja misa kila Jumapili, na wenzao walipoinuka kwenda kukomunika wao walibaki wamekaa kwenye benchi lao.

William akafariki kwa ugonjwa wa figo. Arobaini haijafika, mdogo wake Crispin akatua kutoka mjini na kufuli mpya mkononi. "Huyu mama hakuwa mke wa kaka," akatangaza. "Alikuwa anaishi tu hapa." Nyumba na shamba akavidai vyote. Jeanne akaenda mahakamani.

Hakimu alikuwa kijana wa Mbeya, Lusajo jina lake, mtu mpole. Aliwaeleza wote pole pole: sheria inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, basi sheria nayo itawachukulia hivyo. Miaka hakuna aliyeibishia. Kilichobaki ni jamii iliwatambuaje. Majirani wawili walisema hivi, wawili wa Crispin wakasema vile. Sasa kila mtu akamgeukia Pasikali.

Pasikali alikula kiapo, mkono juu ya Biblia. Nyuma yake walijaa waumini wa kigango chake, na katikati yao vijana saba wa kipaimara. Wiki ile ile alikuwa amewafundisha kwamba pasipo sakramenti hakuna mke wala mume, akawakaririsha mpaka wakaimba. Sasa walikuwa wanamtazama mdomoni.

"Mwalimu," hakimu akasema, "sikuulizi Kanisa linasemaje. Hilo ni la kwenu. Nakuuliza kimoja tu: pale kijijini watu waliwachukulia hawa kuwa nani?"

Swali lilieleweka, tena lilieleweka mno. Hata kuku wa Kumsenga wangelijibu!

"Mheshimiwa, ndoa ni sakramenti," Pasikali akasema. "Hawa hawakuwa na ndoa."

"Hujajibu swali langu."

"Sisi hatukuwatambua."

Minong'ono ikapita benchi hadi benchi. Jeanne akaruhusiwa kumuuliza. Alisimama, akaweka vizuri khanga yake begani.

"Mwalimu, siku ya mazishi ni wewe uliyekuwa unawaita watu kuweka udongo. Mimi uliniitaje?"

Mungu wangu. Alimwita kwa ile sauti yake ya kusikika hadi barabarani: "Mke wa marehemu, karibu." Neno lilimtoka lenyewe, kwa kuwa lilikuwa kweli, na makaburini hakuna aliyeshtuka.

"Nilikuita kwa jina lako," Pasikali akajibu.

Jeanne akamgeukia hakimu. Hakubisha, hakulia. "Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Amri ya nane, usiseme uongo! Aliyewachapa watoto wa watu kwa kuisahau, leo aliivunja mchana kweupe na mkono umetoka tu kwenye Biblia, eti anailinda imani. Hakimu akasema ushahidi wa mdai haukutosha, hasa baada ya shahidi wake mwenyewe kumkana. Akamwambia ana siku thelathini za kukata rufaa. Jeanne alifunga nguo zake kwenye shuka moja, akaenda kwa shangazi yake Kasulu, upande wa Kabanga.

Pasikali roho ilimsuta, lakini alijikaza kisabuni. Akajiambia ametetea mafundisho. Siku thelathini zikapita akijiambia hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu baada ya hukumu akaitwa semina ya makatekista Kasulu. Siku ya mwisho, katekista mmoja akauliza habari za waumini waliopoteza vyeti kwa vita. Padre aliyekuwa anafundisha akashangaa. "Kwani kuna shida gani? Akipatikana shahidi mmoja mwaminifu aliyekuwepo kwenye ubatizo, yatosha. Kanuni ndiyo inavyosema. Msiwasumbue watu bure."

Wengine wakaandika kwenye madaftari. Pasikali alilifunga daftari lake. Shahidi mmoja! Miaka yote ile aliisimamia kanuni ambayo hakuwahi kuisoma hadi mwisho wake, na mwanamke wa watu akapoteza mume mara mbili.

Alichukua bodaboda moja kwa moja hadi Kabanga. Alimkuta Jeanne uani, anamenya mihogo.

"Mwakeye, Mwalimu," Jeanne akamsalimu kwa lugha ya kwao, akamsogezea kigoda.

Pasikali hakukaa. Alimweleza yote, la cheti na la kiapo. Akasema atakwenda kwa hakimu, atakiri alidanganya, waombe rufaa nje ya muda.

"Crispin ameshauza," Jeanne akasema. "Na migomba imekatwa. Shamba liache. Mimi siku ile nilitaka usikike ukisema mbele ya watu, neno moja tu."

"Ulikuwa mke wa William," Pasikali akasema, na machozi yakamtoka. "Ulikuwa mke wake, dada yangu. Nisamehe."

"Sasa unamwambia nani? Hapa tupo wawili." Aliokota muhogo mwingine. "Kawaambie wale waliokusikia."

Aliahidi. Njia nzima ya kurudi Kibondo alikuwa akipanga maneno, nayo yalikuwa maneno mazuri.

Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele kwa matangazo. Kigango kilijaa. Vijana wa kipaimara walikuwa mstari wa mbele, na benchi la Jeanne na William lilikuwa limekaliwa na watu wengine. Akatangaza jumuiya ya kufagia wiki hiyo. Akatangaza mazoezi ya kwaya. Akaikunja karatasi ya matangazo, watu wakasubiri. Akawaangalia wale vijana, nao wakamwangalia.

"Matangazo yameishia hapo," akasema. "Tusimame tusali."