Nilichagua Kizito

Mwaka ule dhahabu ilipoonekana Genkuru, watu walihamia hata kutoka Ringwani. Kikundi chetu cha wachimbaji wadogo kilipewa hadi Ijumaa saa sita mchana kuonyesha katika ofisi ya madini ramani ya maduara yetu, yaani mashimo tuliyokuwa tukichimba. Bila ramani hatungepata leseni, na kundi jingine lilikwisha kuomba eneo hilohilo.

Mimi, mwalimu mstaafu, nilikuwa mwenyekiti. Nilisoma shule ya bweni, nikafunzwa kunyoosha shati kwa pasi ya mkaa na kutosema uongo, na kila mwanachama alikwisha kulisikia hilo kutoka kwangu.

Laptop ya kikundi ilikuwa kuukuu, yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili tu. Katibu wetu, Bernadetha, alikuwa ameiwekea mfumo mwepesi wa Linux ili ipate kupumua. Kilichobaki ni kuchagua sura yake ya mbele: madirisha, menyu na vitufe vya kubofya.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema Jumatano. “Nimejaribu sura iitwayo Xfce kwa flashi. Ni nyepesi, ramani inafunguka upesi.”

“Marahaba. Nyepesi? Wewe binti wa Genkuru, ukiosha mchanga kwenye karai, chepesi kinakwenda wapi?”

“Kinakwenda na maji.”

“Na dhahabu?”

“Inabaki chini. Lakini mwalimu, hii ni laptop. Ukiijaza vizito itabaki chini yenyewe.”

Wanachama waliokuwepo walicheka, na aliyechekwa ni mimi. Papo hapo nikaamuru iwekwe sura kubwa kuliko zote, yenye vivuli na madirisha ya kuteleza. Nilisema ofisa asikione kikundi changu kikitumia kitu cha kimaskini. Bernadetha aliiweka bila kubisha tena.

Ijumaa saa nne tulikuwa mbele ya kaunta, Tarime mjini. Laptop ilichukua robo saa kuwaka. Ramani ilipoanza kufunguka, kila kitu kikaganda. Bernadetha akazima, akawasha, ikaganda tena.

“Flashi ninayo mfukoni,” alininong’oneza. “Niiwashe kwa Xfce. Dakika tano tu.”

Ofisa alikuwa akitutazama. “Usinitie aibu hapa,” nilimjibu. “Subiri, itafunguka.”

Tulisubiri mpaka saa sita ikapita, na kaunta ikafungwa.

Jumamosi wanachama walikutana. Kabla sijafungua kinywa, Bernadetha alisimama.

“Umeme ulikatika mjini,” alisema, akitazama chini.

Watu wakaulaani umeme, nami nikawaacha waulaani, shati langu limenyooka. Walikuwa wameanza kuinuka kwa sala ya kufunga niliposema, “Umeme ulikuwepo.” Nikaeleza yote.

Heche, aliyekuwa na duara refu kuliko yote, alinigeukia, akaniita kwa Kikurya kama mwanamume mwenziwe. “Kwa hiyo, mura, huyu alikuwa na flashi mfukoni?”

“Alikuwa nayo.”

“Ukamkataza?”

“Nilimkataza.”

“Miezi saba niko shimoni,” alisema, “na wewe ukaogopa macho ya mtu mmoja wa kaunta.” Kisha akamgeukia Bernadetha. “Na wewe dada, mbona umetudanganya?”

“Alinifundisha darasa la tano,” alijibu polepole. “Sikutaka mumcheke tena.”

Hakuna aliyecheka. Niliomba wachague mwenyekiti mwingine, na hakuna aliyenisihi nibaki.