Siku Mama Mkwe Alipofukiwa Gerezani

Mama mkwe wangu, Bi Moza, hana siri. Akitaka kukuharibia, anakutangazia mapema. Asubuhi ya mtihani wetu aliniambia wakati tunakunywa chai:

"Leo nitafukiwa, na nitakaa kimya. Ukishindwa kunipata watakurudisha ofisini kupokea simu, nami nitalala usingizi. Mke wa mtu kuingia mashimoni kama panya buku, umeona wapi?"

Mtihani ulikuwa wa kikosi cha uokoaji cha mkoa. Mimi nilikuwa naingia mashimoni kwa majaribio tu, nawania nafasi ya kudumu ya msikilizaji, yule anayetafuta watu chini ya kifusi kwa masikio. Niliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kumtaka hata huyo mwanawe. Kikosi kilipoomba wakazi wa kujifanya majeruhi, Bi Moza alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kazi yake ilikuwa moja tu: akisikia mwito, agonge zege kwa jiwe mara tatu.

Ningeweza kumshitaki kwa Afande Tarsis, mkaguzi wetu. Lakini kumshitaki mama mkwe kwa mwanamume mwenye filimbi shingoni? Bora nishindwe.

Walimficha kwenye kiwanja kimoja cha mtaa wa Gerezani, ndani ya lundo la zege la ghorofa lililobomolewa, mahali palipoegemezwa nguzo asidhurike. Kwanza ilibidi tupate kimya, na Gerezani haina bidhaa hiyo. Mafundi wa gereji jirani walibembelezwa wakaweka nyundo chini, ila mmoja akaendelea kupiga mluzi mpaka wenzake wakamzomea. Basi la mwendokasi likapita. Hatimaye nikavaa vipokea sauti masikioni na kubandika kihisi cha kunasa mitetemo kwenye zege.

"Kikosi cha uokoaji! Kama unanisikia, gonga mara tatu!"

Wapi! Nikahamia upande wa pili, nikaita tena. Hata mkwaruzo sikusikia. Afande Tarsis akatazama saa, akanitazama mimi, akatazama saa. Nilikuwa na hasira ya kutaka kulia. Mama huyu, nikajiambia, hata nipige kelele mpaka koo likauke, mwokoaji hamtambui. Anamtambua mkwewe tu.

Nikarudi nilikoanzia, nikapiga magoti, nikashusha sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu, hujam—" Sauti ikakatika. Kisha ikatoka tena chini ya zege: "Ala! Mjanja huyu!"

Mafundi walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo ya oili chafu.

Nikaingia kwa tumbo, kamba kiunoni, mwenzangu Adamu akiishika kule nje. Nilimkuta Bi Moza amejikunyata, jiwe kiganjani. Nilitegemea matusi. Akanikamata mkono asiuachie.

"Nilipokusikia unahamia kule mbali nilitaka kugonga," akanong'ona. "Mkono ukakataa. Woga, Shamsa. Sikujua giza linaweza kumfanya mtu hivi."

"Pole, mama. Twende."

"Na humu ndimo unamoingia siku zote?"

"Ndimo, mama. Huwa kuna watu humu."

Tulipotoka, Afande Tarsis alimuuliza mbona hakugonga. "Nilisinzia, baba," akajibu bila haya, akampita. Akaenda moja kwa moja kwa Adamu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

"Wewe ndiye unayemshikia kamba mwanangu?"

"Mimi ndiye, mama."

Akamshika mikono, akaigeuza viganja juu, kisha akamminya misuli kama anayechagua kuku sokoni. Uso ukamshuka.

"Mbona mwembamba hivi?"

Nafasi niliipata. Asubuhi iliyofuata nilikuta mezani hotpoti mbili: ndogo yangu, na kubwa iliyojaa pilau na nyama.

"Hiyo ya Adamu," alisema Bi Moza, amenipa mgongo, akijifanya anatafuta kitu kabatini. "Na usiondoke mbele yake mpaka aimalize."