Kamba ya Pilipili Mlangoni

Baba mkwe wangu, mzee Ma, alikuwa anakufa, na alitaka kitu kimoja tu: padri. Miaka ya nyuma alikamatwa pamoja na wafinyanzi wenzake Wakristo. Yeye aliikana imani mbele ya hakimu, akarudi nyumbani. Wenzake hawakurudi. Hakumsimulia mtu yeyote habari za siku ile. "Nitamwambia padri," alisema, "nyinyi niacheni."

Mume wangu, Deoksu, alituma ujumbe, kisha akaenda kuuza mitungi. Mimi nilikuwa ndani na mtoto mchanga, mvulana, wa tatu kuzaliwa na wa kwanza kupona. Mama mkwe alikuwa ametundika kamba ya majani ya mpunga yenye pilipili nyekundu kwenye mlango wa ua, ili mtu aliyetoka kwenye msiba asiingie.

Padri Jang alikuja mchana kweupe. Alizaliwa nchi za mbali, macho yake rangi ya maji, kwa hiyo alisafiri kama tulivyomfundisha: nguo za katani za mfiwa, kofia pana hadi mabegani, kitambaa usoni. Mfiwa hasemeshwi njiani. Nguo zile zilikuwa zimemwokoa mara nyingi.

"Simama hapo hapo, Padri," mama mkwe alinong'ona.

"Mama, mzee ananisubiri."

"Na mjukuu wangu je? Umevaa msiba mwili mzima!"

"Ni nguo tu. Sijafiwa na mtu."

"Ziwe nguo, ziwe nini. Wawili nimeshawazika."

Nikapaza sauti kutoka ndani. "Mama, kata hiyo kamba! Baba anakwisha!"

"Nyamaza! Umezaa juzi, leo unanipangia mlango wangu?"

Jirani yetu, ambaye hakuwa Mkristo, aliacha kupepeta mtama. "Mama Deoksu, mfiwa gani huyo anataka kuruka kamba ya uzazi? Hakufunzwa kwao?"

Mfiwa wa kweli asingethubutu. Hatua moja mbele, na jirani angejua kuwa si mfiwa. Padri akainama. "Nitarudi jioni na nguo nyingine," akasema, akaondoka.

Huyu ndiye aliyetuchomesha vibao vya majina ya mababu zetu tulivyovitambikia, mama mkwe akilia, naye asilegeze hata kidogo. Siku ile alilegeza. Laiti ingekuwa kinyume.

Mzee alisikia yote.

"Ameondoka?"

"Atarudi jioni, Baba."

"Jioni yake hiyo siifikii. Kaa hapa, nikwambie wewe."

"Mimi si padri, Baba."

"Kwani mimi kipofu?"

Akaniambia, huku namnyonyesha mtoto. Alitaja wenzake kwa majina. Jua halijazama, akakata roho.

Padri alipofika, mama mkwe alijipiga kifua. "Ni mimi, Padri. Nipe adhabu."

"Wewe ulimwogopea mtoto, Mama. Mimi nilimwogopa jirani." Akanigeukia. "Alisema nini?"

"Yale uliyokuja kuyasikia."

Akangoja. Nilimhurumia, lakini maneno yale hayakuwa na dawa tena mikononi mwake, na mimi sikupewa niyagawe.

Akainua mkono juu ya maiti kama wa kumwondolea dhambi, akaushusha. Kisha akaanza sala za marehemu. Alipofika kwenye jina la mzee akashindwa kulitamka, ikabidi mama mkwe amtajie.