Moto wa Kuomba kwa Mwenyekiti

Umande ulikuwa haujakauka Dinah alipovuka mtaro akiwa na kigae cha chungu mkononi, akaenda kwa jirani yake, Cornelius Shikanga, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa miwa. Alikwenda kuomba moto, kama kawaida yake. Hapa Kabras kuomba moto si aibu. Aibu ni kumnyima mwenzako. Cornelius alitoka nje akipiga mswaki kwa mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia. Katikati ya kiganja palikuwa pakiwaka moto mdogo, kiasi cha ule wa koroboi. Dinah alisogeza nyasi kavu na vijiti, vikashika.

Cornelius hakuzaliwa mbaya. Dinah aliposhikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyempeleka hospitali ya Malava kwa baiskeli, huku Andati, mumewe Dinah, akisukuma kutoka nyuma. Wanaume hao wawili walipaliliana miwa na kula obusuma, ugali wa kwetu, sahani moja. Kisha biashara ya sukari ikashamiri. Watu wakang'oa mahindi, wakapanda miwa hadi mlangoni, na mwenyekiti wa chama akawa mkubwa kuliko chifu, maana ndiye aliyeamua miwa ya nani ikatwe na ya nani ingoje. Cornelius aliutamani uenyekiti kama mjamzito anavyotamani udongo.

Lakini miwa yake mwenyewe ilikuwa ikikauka shambani bila kukatwa. Nani angempigia kura mtu wa namna hiyo? Enzi hizo miwa iliyoungua ilikatwa kwanza, kabla haijaharibika. Basi mchana mmoja Cornelius aliwasha kiberiti kando ya shamba lake.

Kwetu miwa ikishika moto hakuna anayeuliza swali. Watu huvunja matawi mabichi, wakakimbia kuuzima. Andati alifika wa kwanza.

"Ndugu yangu, unaungua!" alipaza sauti, akajitosa katikati ya miwa.

Cornelius angeweza kumwambia aache iungue. Lakini kusema hivyo kungekuwa kujitaja, na uchaguzi ulikuwa Jumamosi. Alifumba mdomo. Upepo ukageuka, na Andati hakutoka.

Miwa ya Cornelius ilikatwa kesho yake. Kwenye mazishi, alipoinama kuchota udongo, watu waliona kiganja chake kinawaka. Mhubiri alimwomba asimame mbali kidogo na jeneza, kwa sababu ya vanishi, kisha akaendelea na neno. Roda, mkewe Cornelius, alianza kulala upande wa kushoto wa kitanda. Wapiga kura nao walimpa mkono wa kushoto, wakamchagua. Mwenye nguvu mpishe, walisema, wakaenda zao.

Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba miwa iliyoungua isikatwe kwanza tena, bali ingoje hadi mwisho wa msimu. Aliujua vizuri mlango alioingilia, akaufunga. Halafu ikakatwa miwa ya wanakamati, ikakatwa ya mashemeji wa wanakamati, ikakatwa ya mabwana wa mtaa wa Amalemba kule mjini ambao jembe walilijua kwa picha. Ya Dinah ilichanua maua meupe, ikaanza kuwa makapi matupu ndani. Kila Cornelius alipotaka kuitaja kikaoni, George, naibu wake, alikohoa kidogo, na Cornelius akakumbuka kuwa kiti kile kina watu wengi wanaokitaka. Inaudhi kusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi hiyo Cornelius hakurudi ndani upesi. Alitema povu la mswaki.

"Shemeji," alisema, "ule moto, ni mimi niliuwasha. Andati aliingia nikimwona, nikanyamaza."

Dinah alipuliza vijiti vyake.

"Najua, mwenyekiti. Kila siku nachukuanga moto kwa mkono wako. Nitakosa kujua?"

"Niite shemeji, kama zamani."

"Miwa yangu itakatwa lini, mwenyekiti?"

Cornelius alikitazama kiganja chake. Alitaka kusema kesho. Alitaka kwa moyo wake wote, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Ndani ya nyumba Roda alikuwa akilipiga pasi koti la kikao cha siku hiyo.

"Wacha tuone msimu ujao," alisema.

"Haya. Asante kwa moto."

Dinah alivuka mtaro akiukinga moto kwa leso. Aliuweka katikati ya mafiga, akabandika sufuria ya maji, na watoto wakasogea karibu. Maji yalichemka upesi, maana moto wa mwenyekiti ulikuwa mzuri. Unga ulikuwa umekwisha tangu juzi, na miwa ilisimama hadi mlangoni.